Kiraka cha Katikati

"Usikicheke kiraka, sindano ina dua yake." Mmemsikia jirani akimwambia hivyo binti yake, nanyi mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza mbele ya macho yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, hapa hapa kijijini, chini ya milima ya Upare. Alikuwepo mjane mmoja, Bi Nakunda. Mumewe, Mbonea, alikuwa amefia kisimani miaka saba kabla. Walikuwa wakichimba wawili, Mbonea chini na rafiki yake Senkondo juu, ameshika kamba. Jioni Mbonea alipokuwa akipandishwa, akaanguka. Senkondo alikuja mbio akilia, akasema kamba imekatika. Tukazika.

Baadaye Bi Nakunda akaanza kuokota matambara. Shuka lililochanika, mfuko wa mbegu, kanga iliyopauka. Kilichotupwa jalalani alikifua, akakianika, akakata kipande. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri aliketi kizingitini na kitambaa chake kikubwa mapajani, wala hakushona zaidi ya kiraka kimoja kwa siku. Hakuimba, hakuongea. Ukimsalimu aliinua mkono, akarudi kwenye mshono. Akimaliza, alikipapasa kile kiraka kwa kiganja, akakunja kitambaa, akaenda shambani. Alifanya hivyo miaka saba.

Sisi wasichana tulimcheka. Wakubwa hawakucheka, waliogopa. Mtu anayekusanya nguo zenu kuukuu anazitakia nini? Mke wa Senkondo alipougua, akakonda hata kusimama hawezi, minong'ono ya uchawi ikageuka mashtaka. Senkondo mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti kudai Bi Nakunda afukuzwe kijijini na matambara yake yachomwe.

Mwenyekiti na wakubwa walikwenda kwa Bi Nakunda Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, nasi nyuma yao. Bi Nakunda hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na mzigo, wanaume wawili wakamsaidia kuutandaza. Ulifunika ua wote, tukabaki tumebanana ukutani. Yule aliyekuja na kibiriti akakirudisha mfukoni.

"Tueleze, dada," mwenyekiti akasema. "Hivi ni vya nini?"

Bi Nakunda akapiga magoti, akaweka kidole kwenye kiraka cha pembeni. "Hili ni shuka la Mama Naetwe, alipojifungua mapacha. Nilimwombea maziwa yatoke. Huu ni mfuko wako wa mbegu, mwenyekiti, mwaka ule wa ukame. Kila nilipochoma sindano nilikutaja jina."

Akaendelea hivyo, nyumba hadi nyumba. Alipofika kwenye kipande cha kanga ya mama yangu, mama alijifunika uso akalia. Alikuwa miongoni mwa waliotaka afukuzwe.

Kisha kidole kikafika katikati, kwenye kitambaa cha kijivu chenye mistari. Senkondo akarudi nyuma.

"Shati hilo nilisema lichomwe," akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

"Mkeo alilitupa jalalani. Ndilo ulilovaa siku ya kisima. Hiki ndicho kiraka cha kwanza kabisa, Senkondo. Nilikuombea upate usingizi."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kamba ililetwa kwangu pamoja na mwili. Ilikuwa nzima."

Senkondo akakaa chini, ukingoni mwa kitambaa.

"Nyuki," akasema. "Walinivamia usoni, nikaachia. Nikaogopa kusema."

"Habari ya nyuki sikuijua. Nilijua tu kwamba uliachia."

"Ukanyamaza miaka saba?" mwenyekiti akauliza.

"Sikunyamaza kwa wema. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kiraka hicho kimoja tu. Nilikishona huku namchukia, nikakifumua, nikakishona tena. Mpaka asubuhi moja nikataja jina lake na mkono haukutetemeka. Ndipo nikaanza cha pili."

Watu walitoka mmoja mmoja, bila kuagana. Mke wa Senkondo alipelekwa hospitali, akaonekana ana kifua kikuu, akatumia dawa, akapona. Wazee walimketisha Senkondo, wakampa adhabu yake, akaipokea. Lakini kilichonishtua zaidi nilikiona asubuhi ya pili baada ya Ijumaa ile, nilipokuwa napita kwenda kuteka maji. Senkondo alikuwa kizingitini kwa Bi Nakunda, anaomba sindano.

Bi Nakunda alimtungia uzi, kwa kuwa vidole vya Senkondo havikuweza. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanzu ya Mbonea, akamwekea mapajani. Mzee yule akaanza kushona, midomo ikicheza bila sauti. Mshono ulipinda kama nyayo za kuku, na kiraka kikajikunja upande mmoja. Nami, kwa utoto, nikacheka.

Senkondo hakuinua kichwa. Bi Nakunda ndiye aliyenitazama, bila hasira, akasema polepole maneno ambayo kijiji kizima kiliyashika baadaye. Nilitua ndoo chini, nikasimama pale na aibu yangu mpaka mzee akafunga fundo la mwisho.

"Usikicheke kiraka, mwanangu. Sindano ina dua yake."