Hodi ya Mwanamvua

Sogezeni mikeka, wajukuu zangu, ngano haipendi kusikilizwa kwa mbali. Hapo kale Mwanamvua wa Mtambani alifunga safari kumfuata mumewe, Shekuwe, aliyepotelea katika mji mkubwa uliotawaliwa na zimwi. Majirani walinong'ona kuwa ameoa huko, na mimi ningenong'ona pia.

Mji ule ulikuwa mji kweli. Majumba yalipandiana hadi mawinguni, taa ziliwaka bila mafuta, na watu walipishana kama siafu, hata salamu hakuna. Mwanamvua akasema moyoni, "Mzuri, lakini hauna adabu."

Langoni zimwi likamcheka. "Mumeo alifika hapa akasema kwao si kitu, nikamgeuza tofali la ukuta huu. Mtambue, umchukue. Ukishindwa, nawe utakuwa tofali."

Ukuta ulipita upeo wa macho, na matofali yote yalifanana. Mwanamvua akajifunga kanga kiunoni, akabisha.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Na hodi ya tatu isipojibiwa, mwenye adabu zake hurudi alikotoka. Akabisha mara ya mwisho.

"Hodi wenyewe."

Tofali moja likatetemeka. "Karibu, mama watoto, karibu ndani."

Likapasuka, Shekuwe akadondoka, vumbi tupu.

"Umemjuaje?" zimwi likanguruma.

"Sikumjua," akajibu Mwanamvua, akimkung'uta mumewe. "Ila kwetu Mtambani, hata aliyegeuka tofali hawezi kuinyamazia hodi."

Wakatoka langoni kifua mbele. Ngano yangu imefika kwao, nanyi kalaleni kwenu.