Jina la Mtoto wa Darini

Nipeni masikio, nami niwape watu watatu: Mkunde, mwenye pua isiyodanganyika, Kihiyo, seremala mwenye mikono isiyoshindwa na mti, na Bibi Hoza, jirani mwenye ulimi mkali kama pilipili.

Katika milima yao ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, na mgonjwa hulazwa darini, juu ya jiko, apate joto. Huko ndiko alikolala Zawena. Mama yake alifariki alipomzaa. Mtoto alikohoa, alinuna, aliwasukuma waliomlisha. Hakuna aliyempenda, naye alijua. Alitazama moshi ukipanda, akadhani ni mawingu na kwamba yeye ameshakufa kidogo. Baba yake, Shemdoe, hakuwahi kupanda ngazi ile.

Siku moja shangazi yake Mkunde alikuja kuwatembelea, akanusa.

"Kaka, moshi huu ndio unaomkohoza! Nani anachochea moto usiku kucha?"

"Mimi," alijibu Shemdoe. "Nachelea asije akapata baridi."

Mkunde akamshusha mtoto kutoka darini.

Kihiyo akaitwa. Alitoboa ukuta wa chumba cha pembeni, akatia dirisha, akaunda kitanda chini yake. Kikohozi kikapungua. Zawena akayaona mawingu yenyewe, yakipita polepole kama ng'ombe wasio na mchungaji.

Ila hakuinuka. "Niacheni nife," alisema.

"Mke mwenzangu," Bibi Hoza akamcheka kwa utani wa bibi na mjukuu, "kila siku unatuaga, na safari yenyewe huendi! Basi nipe kanga hii nikamringie mume wetu." Akaivuta kitandani kanga ya marehemu mama yake Zawena, akaanza kuondoka nayo.

"Kikongwe wee! Rudisha!" Zawena akaruka, akamkimbilia. Alipoishika kanga ndipo alipojikuta yuko uani, amesimama juani.

Kwa desturi yao, aliyepona humpa kata ya maji yule aliyemponya. Mponyaji akinywa, humpa aliyepona jina jipya na kumchukua awe mwanawe.

"Ni pua yangu," alisema Mkunde.

"Pua ilitoboa ukuta?" akauliza Kihiyo.

"Na dirisha lilimkimbiza nani?" akadakia Bibi Hoza.

Shemdoe alikuwa kando, viganja vimechanika kwa kuni. Hakudai kitu. Zawena, ambaye hakuwahi kutakwa na mtu, aliwatazama watatu wale, kisha akavitazama viganja vile kwa muda mrefu. Kata ikainama mikononi mwake.

"Mke mwenza, maji yanamwagika!"

Je, wewe ungemnywesha nani?