Shimo la Mtunza Josho

Wapendwa, alikuwepo mama mmoja mjane, mkazi wa mji mdogo wa wafugaji. Marehemu mumewe alikuwa mtunza josho, lile birika la kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Josho lilikwisha kufungwa zamani, likabomolewa, majani yakaota. Sasa chama cha kina mama kilikuwa kimepewa uwanja ule kijenge nyumba thelathini, na jina la mjane lilikuwamo. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanga chumba kimoja. Hebu fikirini furaha yake.

Kabla ya kujenga, akatumwa binti mmoja mtaalamu aje kupima ardhi. Akachimba hapa na pale, akatia udongo kwenye vichupa. Kisha akawakusanya kina mama, akawaeleza kuwa dawa za zamani za kuogeshea ng'ombe zilikuwa na sumu isiyooza, hukaa ardhini miaka na miaka. Akauliza kama yupo anayejua tope la josho lilikuwa likitupwa wapi.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja.

Mjane alijua. Kila mumewe aliposafisha josho, alibeba tope kwa ndoo na kulifukia katika shimo nyuma ya zizi la josho, uwanjani humo humo. Yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea uji pale pale. Lakini aseme nini? Akisema, wenzake watasema marehemu ndiye aliyewaharibia uwanja. Basi akanyamaza. Wewe ungesema? Mimi sina hakika kama ningesema.

Binti alikuwa anafunga mkoba wake aende, ndipo mama mmoja alipomteremsha mjukuu mgongoni na kumketisha chini. Mtoto akachota udongo, akaupeleka mdomoni. Mjane akamwahi. Akamfuta vidole kwa pindo la kanga, kimoja kimoja, akamrudisha kwa bibi yake. Halafu akamfuata yule binti.

"Mwanangu," alimwambia, "hukuchimba mahali penyewe. Twende nikuonyeshe. Aliyefukia ni mume wangu."

Wakaenda wawili. Binti akachimba mpaka akafikia tope jeusi lenye kunata. Akalitazama sana. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama marehemu alikuwa akivaa glovu. Mjane akasema glovu zingetoka wapi, alilibeba kwa mikono yake.

"Na viganja vyake, mama, vilikuwaje?"

Hilo ndilo swali ambalo mjane hakupenda kuulizwa na mtu. Viganja vilikuwa vigumu, vimeota vinundu kama punje za mtama, na kifuani madoa meusi. Mtaani walisema ni ukoma. Wengine wakasema amelaaniwa. Miaka yake ya mwisho hakuna aliyempa mkono, hata kanisani, na mkewe hakuwa na neno la kumtetea. Akamweleza binti yote hayo, macho yakiwa chini.

"Mimi si daktari, mama," binti akasema, "lakini viganja vya namna hiyo nimeviona kwa watu waliofanya kazi kama yake. Ni sumu hii. Mzee hakulaaniwa. Kazi ndiyo iliyomuumiza."

Mjane akaketi kwenye majani, akalia kilio alichokiweka tangu siku ya mazishi. Binti akaketi kando yake, asimharakishe.

Majibu ya maabara yakaja kama binti alivyosema. Viwanja vinane vikaondolewa, na cha mjane kikiwamo. Mnataka kujua kama alipata nyumba? Bado anapanga. Lakini wale kina mama, binti alipowaeleza habari ya viganja vile, walimwendea pale chumbani, wakamwomba msamaha kwa yale waliyomsema mumewe, na jioni ile jina la yule mzee likatajwa kwa heshima mtaani.

Ndugu zangu, huyu mama alidhani akisema ukweli atamwaibisha marehemu. Kumbe alipoufukia ukweli, alimfukia mumewe pamoja na utetezi wake. Sisi je? Tunanyamaza tukisema tunasitiri, tunalinda heshima ya nyumba. Ni nani wako anayebeba jina baya kwa sababu wewe unaogopa kusema ulichokiona kwa macho yako? Kama amekwisha kufa, nenda ukamsafishie jina. Na kama yu hai, usingoje mpaka afe.