Makande ya Nyanzobe

Nyanzobe na wanawe sita walifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, akaitamani boti kuukuu ya tajiri Lugembe wahamie humo.

"Haivuji hata tone," Lugembe alitamba. "Lete ng'ombe kumi."

"Sawa, baba. Lakini kwetu, auzaye makazi hula kwanza humo na mnunuzi. Ukishuka kabla hujala, umeniachia bure."

"Kula tu? Twende!"

Walipofika katikati ya ziwa, Nyanzobe akaweka jiko la mkaa juu ya benchi, akabandika makande ya mahindi makavu na maharage.

Maji yaliyoanza kuingia botini yalipowafika vifundoni, Lugembe akauliza, "Yameiva?"

"Ndiyo kwanza yanachemka, baba."

Maji yakawafika magotini. "Na sasa?"

"Vuta subira. Maharage haya ni ya mwaka juzi."

"Baki na boti yako, mwanamke!" Lugembe akajitosa, akaogelea kurudi nchi kavu.

Nyanzobe akatoa kizibo cha boti alichokificha kwenye kilemba, akakirudisha kwenye tundu lake sakafuni, kisha akaonja chumvi.