Neno Moja Kwenye Ukurasa wa Sultani

Palikuwa na Sultani wa Mwambakuu, jina lake Ngwali, aliyependa elimu sana, hasa elimu inayomhusu yeye. Akaamuru mji uwe na kamusi elezo mtandaoni, na kila mtu aandike. Wakaandika. Sultani akapata kurasa kumi na moja. Farasi wake akapata mbili. Wanawake wa mji mzima wakapata nusu ukurasa, nao ulihusu upishi wa pilau.

Basi alikuwako Bi Miza, muuza mbaazi, maskini wa kutupwa, ila ulimi wake ungekata msumari. Kila Ijumaa aliwakusanya wanawake barazani kwake kwa warsha ya kuhariri, na simu zao na kompyuta moja ya kuazima. Huyu anasimulia, yule anaandika, mwingine anasaka ushahidi kwenye magazeti ya kufungia mbaazi. Wakamwandika Bi Subira, mkunga aliyepokea nusu ya mji. Wakamwandika na Bibi Mwatima, mama yake Sultani mwenyewe.

Kesho yake ikatoka amri ya Sultani: neno la mwanamke si chanzo cha habari. Kila lililosimama juu ya neno la mwanamke lifutwe, na warsha ikikutana tena, Bi Miza afukuzwe mjini. Hekima iliyoje! Kufikia adhuhuri kurasa zote za warsha zilikuwa zimefutwa. Bi Subira, mwenye miaka themanini, alikuwa ameomba asomewe ukurasa wake mara tatu. Alipoambiwa haupo tena, alisema tu, "Haya." Mimi iliniuma, sembuse yeye.

Siku ya pili Bi Miza akaitwa jumbani.

"Wewe! Nasikia umegusa ukurasa wangu."

"Nimetii amri yako, Maulana. Pameandikwa, 'Sultani Ngwali ni mwana wa Sultani Haji.' Nikatafuta chanzo, sikukiona."

"Chanzo gani? Mji mzima unajua!"

"Mji mzima umeambiwa. Ulipozaliwa, nani alikuwamo chumbani?"

"Mama yangu na mkunga, Bi Subira."

"Hapakuwa na mwanamume hata mmoja?"

"Mwanamume aingie chumba cha uzazi? Huna haya?"

"Ninayo, Maulana, ndiyo maana nauliza polepole. Marehemu baba yako alijuaje kwamba wewe ni wake?"

Waziri akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

"Aliambiwa na mama," akasema Sultani.

"Kumbe ni neno la mwanamke."

Sultani akawa mwekundu. "Umeifuta sentensi yangu?"

"Nithubutu wapi! Nimeongeza neno moja tu mbele yake: 'Inasemekana.'"

Sasa, kiti cha Mwambakuu hurithiwa kwa baba, na Sultani alikuwa na binamu aliyekimezea mate kiti kile miaka ishirini. Waziri akainama sikioni: "Maulana, binamu yako ameshautuma ukurasa huo kwa mji mzima. Wazee wanakuja kuuliza."

Sultani akaruka kitini. "Liondoe neno hilo! Sasa hivi!"

"Naliondoa, Maulana, ukinipa chanzo," akasema Bi Miza, akijifunga kanga vizuri. "Mashahidi wako ni wawili tu dunia nzima, na wote umewafuta jana."