Ngwe ya Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, kabla Tembo hajajifunza kutoa salamu kwanza na amri baadaye, wanyama walikuwa na nchi zao. Kila nchi ilikuwa na mpaka wake na njaa yake. Msicheke, wajukuu zangu. Njaa nayo ilikuwa na mipaka siku hizo.

Kilimani aliishi Bi Kindi na wanawe watatu. Mwili wake ulikuwa mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili, na maneno mengi kuliko mkia. Juu ya meko yake, katikati ya moshi, kilining'inia kibuyu cha mbegu ya mtama. Moshi hufukuza wadudu, kwa hiyo mbegu ile ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa pia ya mwisho. Maji ya kuiotesha hakuwa nayo, na wanawe walikuwa wameanza kukitazama kile kibuyu kwa jicho ambalo mama yeyote angelielewa.

Bondeni aliishi Mzee Fuko, fundi wa kuchimba mifereji. Yeye maji alikuwa nayo mpaka yanamwingilia chumbani. Na nyikani aliishi Mama Kanga na ukoo wake, kanga mia kasoro mmoja, kila mmoja na miguu ya kuparua ardhi, na samadi tele. Mbegu hawakuwa nayo. Waliwahi kuwa nayo, wakaila.

Sasa mtaniuliza, mbona hawakusaidiana? Wangesaidianaje na hawasemeshani? Bwana Tembo, mwenye nchi kubwa kuliko zote, alishamweleza kila mmoja habari za jirani yake. Mama Kanga aliambiwa kwamba Kindi ni mchawi. Bi Kindi aliambiwa kwamba Fuko huiba mbegu kutokea chini. Mzee Fuko aliambiwa kwamba Kanga hudonoa watu macho, naye akaogopa sana, ingawa macho yenyewe hakuwa akiyatumia.

Basi kila mwaka mvua za kwanza ziliponyesha, kila nchi ilikwenda peke yake kwa Tembo kuomba msaada. Tembo alikuwa mkarimu. Alitoa, kwa sharti dogo tu: kwanza walime shamba lake siku saba. Siku saba zikiisha, na mvua imeisha.

Tembo alipenda sana mila ya ujima. Kwa mila hiyo, anayefika shambani hupimiwa ngwe, yaani kipande chake cha kulima, na hajibiwi neno mpaka akimalize. Mwaka uliopita Mama Kanga alifika shambani kwa Tembo analia.

"Shikamoo, Bwana Tembo. Kifaranga wangu anaumwa. Naomba ruhusa nirudi nyumbani."

Tembo akatazama mawingu, kimya.

Kanga akalima ngwe yake, kwaru! kwaru! kwaru! Alipomaliza, Tembo akasema, "Marahaba. Ruhusa nayo ina ngwe yake."

Kanga akalima ngwe ya pili. Kifaranga hakumngoja.

Bi Kindi alikuwa kwenye ngwe ya jirani, akayaona yote, na alipomsogelea kumpa pole, Mama Kanga akamkimbia akipiga kelele kwamba Tembo amemwambia yeye ni mchawi. Alilia siku ile. Na alipokwisha kulia akafikiri: huyu ni mama kama mimi, na mchawi gani huyu Tembo anayemsema, mbona mimi sijifahamu?

Mwaka huu mvua zikachelewa. Mtoto wa mwisho wa Bi Kindi akaacha hata kuomba chakula. Hapo Bi Kindi akakitungua kibuyu, akateremka nacho mpaka nyikani.

"Hodi!"

"Usiingie na uchawi wako!" Mama Kanga akapiga kelele.

"Uchawi wangu ndio huu." Bi Kindi akatikisa kibuyu. Chaka! chaka! chaka! Kanga mia kasoro mmoja wakanyoosha shingo kwa pamoja. "Hauliwi, jamani! Unapandwa. Nyinyi mna miguu na samadi, mimi nina mbegu. Twendeni kwa Fuko mwenye maji."

"Fuko atakubali?"

"Anaogelea chumbani kwake. Atakubali."

Mzee Fuko alikubali, ila alitoka shimoni amefunika macho kwa mikono yote miwili. Wakaanza ujima: Fuko akaongoza mfereji kutoka kichwani mwa bonde, kwenye chemchemi iliyo juu kuliko konde la Bi Kindi, kanga wakaparua, Bi Kindi akabeba udongo kwa mkia. Siku ya tano mfereji ukafika ukingoni mwa konde lenyewe. Hapo ukagonga jabali. Ng'o! Huku mwamba, huku mwamba, na jabali katikati limeketi kama mama mkwe.

"Nguvu zetu haziwezi," Mzee Fuko alisema. "Itabidi tukamwombe Bwana Tembo."

"Tukimwomba atataka siku saba," alisema Bi Kindi. "Wanangu hawana siku saba. Tusimwombe. Tumkasirishe."

Akamwita Kunguru. "Mwenzetu, sisi watatu tunakutana hapa tena kesho asubuhi. Tafadhali, habari hii isifike kwa Bwana Tembo."

Kunguru akaapa. Kabla hajamaliza kuapa alikuwa ameshapaa.

Kesho yake asubuhi, pu! pu! pu! Ardhi ikatetemeka. Tembo akatokea, masikio yamesimama.

"Nani amewaruhusu kukutana?"

Fuko anachimba. Kanga wanaparua. Mama Kanga akaja na kamba, akapima kipande mbele ya miguu ya Tembo, akarudi kazini.

"Nimeuliza! Hamsikii?"

Bi Kindi hakumtazama. Sauti aliilainisha. "Mzee Fuko, mtu akifika kwenye ujima akakataa ngwe, inakuwaje?"

"Mila inakuwa imekufa," alisema Fuko. "Na ikifa hapa imekufa kote."

"Hata kwenye mashamba makubwa?"

"Huko ndiko itakakozikwa."

Tembo akatazama juu. Kunguru alikuwa amekaa tawini, kichwa amekiinamisha, hataki kukosa neno. Tembo akawaza mashamba yake, na siku zake saba. Akainamisha pembe. Gubu! gubu! gubu! Akalima ngwe.

"Shikamoo, Bwana Tembo," Bi Kindi akasema.

"Marahaba! Haya, nani amewaruhusu?"

"Swali nalo lina ngwe yake."

Mama Kanga akapima kamba. Safari hii ngwe ilipita katikati ya jabali.

"Hapa kuna jiwe!" Tembo alisema.

Hakuna aliyemjibu. Kanuni aliijua, maana alikuwa akiitumia mwenyewe.

Akasukuma. Akavuta. Akakoroma. Jua likapanda, jasho likamtiririka mpaka kwenye mkonga. Bi Kindi alisimama amekumbatia kibuyu. Jabali likatikisika, likalia kriii, likang'oka, bingiri! bingiri! mpaka bondeni, tubwi!

Maji yakaja. Kwanza yalikuja kidogo, machafu, na majani. Kisha bwaaa! Yakapita kati ya miguu ya Tembo, yakaingia kondeni. Bi Kindi akakaa chini papo hapo kwenye tope na kulia kwa furaha, mbele za watu, bila aibu.

Tembo alisimama, amechafuka mpaka masikioni.

"Sasa nijibuni. Nani amewaruhusu?"

"Tulikuwa hatujapata ruhusa," alisema Bi Kindi, akijifuta machozi kwa mkia. "Ila kama ulikuja kutuzuia, umetufanyia njia. Ahsante."

Tembo akakung'uta tope masikioni. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akasema, "Nimechoka. Naomba ruhusa nirudi nyumbani."

Wote wakamgeukia Mama Kanga mwenye kamba. Mama Kanga akatazama mawingu. Akayatazama sana.

"Ruhusa ina ngwe yake," alisema. "Lakini wewe nenda. Labda una mtoto anayekungoja."

Tembo akaondoka bila kishindo.

Mtama ukaota, ukakomaa, wana wa Bi Kindi wakanenepa mpaka mashavu yakafunika masharubu. Mwaka uliofuata juu ya meko matatu, kilimani, nyikani na bondeni, kilining'inia kibuyu. Cha Mama Kanga kilifungwa kwa kamba ngumu, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mvua za kwanza zilipoanguka, Tembo alisimama shambani kwake na kamba mkononi, akingoja mtu wa kupimiwa ngwe. Yu huko mpaka leo, na mimi hadithi yangu naiacha hapo hapo, imelowa tope.

Wanyonge wakianza kuzungumza wao kwa wao, hawamwombi mtu ruhusa ya kushiba.