Kitumbua cha Kwanza cha Bi Kazija

Sogeeni, na wenye ubishi wakae mbele, maana leo ubishi wao utahitajika.

Bi Kazija wa Muheza alikuwa na wajukuu watatu. Zamoyoni alijaliwa mikono: akikukanda bega, maumivu yanaaga yenyewe. Mgeni alijaliwa ubunifu: mpe udongo na vipande vya waya, atakutolea kitu. Pili, msomi wa chuo, alijaliwa ulimi, na kwa ulimi ule watu waliombeana subira.

Mwaka huo kiharusi kikamwangusha Bi Kazija, mkono wa kulia ukawa kama si wake. Mwanawe Shekue akaja na gari kutoka mjini.

"Mama, vitumbua basi. Funga nyumba, uje kwangu upumzike."

Kupumzika! Mwanamke aliyeulisha mtaa mzima kila asubuhi, eti leo akakae sebuleni kwa mkwewe, aombe hata maji ya kunywa!

"Nipe mpaka Idi," Bi Kazija akasema. "Ukinikuta siwezi kupika mwenyewe, nitapanda gari lako."

Zamoyoni akaanza. Kila kukicha aliuchua mkono ule kwa mafuta ya nazi, kidole baada ya kidole, akiubembeleza kwa wimbo kama kichanga, mpaka vidole vikaanza kukunjika.

Mgeni akaona vinakunjika lakini havina nguvu. Akafinyanga jiko la kufika kiunoni, akakikaza chuma cha vitumbua kwa waya kisiteleze, akachonga upawa wenye mpini mnene.

Na Pili? Pili alikataa. Bibi akiangusha upawa, yeye anautazama tu.

"Niokotee, mjukuu wangu."

"Siokoti. Inama, Bibi."

"Mtoto una roho ya jiwe wewe!"

"Ninayo. Inama."

Bi Kazija alitukana mpaka matusi yakamwishia, kisha akainama, akaokota. Ila macho mekundu ya Pili, kila aliporudi kutoka uani, aliyaona.

Asubuhi ya Idi, Shekue akasimama mlangoni mwa jiko, ufunguo wa gari mkononi. Bi Kazija akamimina, akageuza, akaopoa. Mkono ulikwenda polepole, lakini hakuna aliyeugusa. Shekue akautia ufunguo mfukoni taratibu.

"Haya, mama. Nipe na mimi kimoja."

"Utanunua."

Sasa, katika nyumba ile kitumbua cha kwanza hakiuzwi wala hakigawanywi. Hupewa mtu mmoja, yule ambaye bila yeye kisingepikika. Zamoyoni akamtazama Mgeni, Mgeni akamtazama Zamoyoni.

"Akile mwenyewe," Pili akadakia. "Bibi sasa ni independent."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Kiingereza, Bibi. Mtu anayejitegemea. Hamhitaji mtu."

Bi Kazija akautazama mkono wake, akalitazama jiko, akayatazama macho ya Pili.

"Na waliomsimamisha mtu huyo, Kiingereza chako kinawaitaje?"

Pili, bingwa wa midahalo, akainama kuchochea moto.

Kitumbua kiko kiganjani, kinaunguza. Apewe Zamoyoni aliyeufufua mkono? Mgeni aliyeupa pa kufanyia kazi? Pili aliyekataa kuokota, akaenda kulia peke yake? Au akile bibi aliyeinama?

Haya, nyinyi mngempa nani? Semeni, Bi Kazija anawasubiri.